Kipande cha Sentimita Sita

Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba. Mawingu mazito tangu alfajiri, upepo hafifu, mvua haijanyesha.

Hivyo ndivyo fundi baiskeli alivyoandika kwenye daftari lake asubuhi ile, kabla hata hajafungua dirisha la karakana. Desturi hiyo alikuwa nayo kwa miaka ishirini na tatu: kwanza tarehe, halafu hali ya hewa, halafu kazi. Chini yake akaandika: Baiskeli ya dada imekwisha. Kilo sita, gramu mia saba thelathini na nane.

Akafunika kalamu, akaketi kwenye kigoda, akaitazama.

Ilikuwa inaning'inia kwenye ndoano ya mizani katikati ya chumba, nyeusi tupu, haina hata herufi moja ubavuni. Maandishi ya kiwandani alikuwa ameyabandua yote kwa kitambaa cha maji ya moto na ukucha wa kidole gumba, kazi ya jioni mbili, akayakusanya yale makaratasi kwenye kisosi na kuyapima. Gramu tano. Nati za chuma zilizokuwa zinashikilia chupa ya maji alizitoa akaweka za plastiki. Gramu saba. Waya za breki alizikata fupi kiasi kwamba usukani ukigeuzwa mpaka mwisho zilinyooka kama kamba ya nguo, lakini hazikuvuta. Gramu tisa. Kila gramu ilikuwa na mstari wake kwenye daftari, na tarehe yake, na hali ya hewa ya siku ile.

Mtaani walimwita Gramu. Jina hilo alipewa na fundi cherehani wa chumba cha pili, mtu mnene mwenye mdomo usiojua likizo, siku alipomkuta akipima biskuti kabla ya kuila.

"Jirani, hiyo inakwenda wapi, tumboni au posta?"

"Nilikuwa naijaribu mizani," alijibu fundi, na kweli alikuwa anaijaribu mizani. Lakini jina lilishapata mwenyewe.

Wateja wake wa kila siku hawakuwa watu wa gramu. Walikuwa wauza mkate, wachukuzi wa maji, walimu wenye baiskeli za chuma zilizorithiwa. Waliingia na rimu zilizopinda na minyororo iliyolegea, wakatoka zimenyooka. Aliwafanyia kazi kwa usafi uleule ambao angemfanyia mfalme, wakamlaumu kwa jambo moja tu: alichelewesha. Ukimwachia baiskeli Jumatatu, Jumatano alikuwa bado anatafuta mlio mdogo ambao wewe mwenyewe hujawahi kuusikia.

"Haraka haraka haina baraka," alikuwa akiwaambia.

Dada yake mkubwa alikuwa na jibu la hilo tangu walipokuwa watoto: "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mdogo wangu."

Huyo dada ndiye aliyeitwa Kipanga. Zamani, kabla hajawa karani wa shule mwenye miwani ya kamba, alishindana kwenye mbio za baiskeli, na hakuna mwanamke aliyempata kwenye mlima. Kulikuwa na mlima mmoja nje ya mji, wa kilomita nne na nusu, wenye mnara wa simu kileleni. Wengine walipanda wakiwa wamesimama juu ya pedali, wakiyumba kama walevi. Yeye aliinama. Aliinama mpaka kidevu kikakaribia usukani, mgongo ukalala kama meza, akapita kimya, na watu waliosimama kando wakasema ameshuka kama kipanga, ingawa alikuwa anapanda. Fundi alikuwa kijana wakati huo, amekaa nyuma ya pikapu na gurudumu la akiba mapajani, saa ya kuhesabia mkononi. Dakika kumi na saba, sekunde ishirini. Hakuna aliyeifikia saa hiyo mpaka mbio zenyewe zilipokufa kwa kukosa wafadhili.

Spana yake ya kwanza alinunuliwa na dada huyo, kwa zawadi ya mbio. Mama yao alikuwa ameshafariki. Kila alichokuwa nacho fundi, ukikifuata nyuma, unakuta mkono wa dada.

Mwezi wa Januari dada alikuja karakana kwa miguu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha.

"Daktari amesema uti wa mgongo unashikana," alisema. "Pingili kwa pingili, kama matofali yanayotiwa saruji. Ameanzia kiunoni, anapanda."

"Nani anapanda?"

"Ugonjwa, ndugu yangu. Daktari hapandi popote, anakaa ofisini." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Amesema mwaka huu bado nitainama. Mwakani haahidi. Nami nataka kitu kimoja. Nataka kuupanda ule mlima mara moja tu, kwa kuinama, kama nilivyokuwa. Sitaki saa. Nataka nifike kwenye mnara nigeuke nishuke. Lakini dawa zimeninyang'anya nguvu za miguu. Kwa lile chuma langu la sokoni sitafika hata nusu."

Fundi alitazama nyuma yake. Kwenye pembe ya karakana, ndani ya blanketi, kulikuwa na fremu ya kaboni aliyoachiwa na mteja mmoja aliyehama, pamoja na uma wake wa kushikia gurudumu la mbele, ambao ulikuwa haujakatwa. Mteja alisema hana pa kuipeleka. Ilikuwa imekaa miaka miwili, na fundi alikuwa akiifunua mara kwa mara kuitazama, kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala.

Aliitoa. Akachukua sarafu, akaanza kuigongagonga polepole, toka juu mpaka chini, sikio likiwa karibu. Kaboni nzima hulia kavu, tik, tik. Penye ufa uliojificha hulia kwa uzito, kama unagonga mkate. Aligonga fremu nzima, dada akisubiri. Ililia kavu kote.

"Nitakujengea," alisema. "Nikikupunguzia kilo tatu na nusu, mlima wenyewe utakuwa mfupi."

"Utanipima lini?"

"Vipimo vyako ninavyo."

Akapanda kwenye ngazi, akashusha daftari la zamani lenye jalada la bluu. Ukurasa ulikuwepo, kwa mwandiko wake wa ujana: urefu wa mguu, urefu wa mkono, kimo cha kiti, na usukani uwe chini ya kiti kwa sentimita tisa. Dada aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu kidogo.

"Haya," alisema. "Lakini usikawie."

Fundi cherehani, aliyekuwa amesimama mlangoni na tepu yake shingoni, alisikia yote, maana kusikia ilikuwa nusu ya kazi yake.

"Mimi, mteja akiniletea vipimo vya mwaka jana, namwambia simama nikupime upya," alisema. "Watu hunenepa, jirani. Wengine hukonda. Wengine hudanganya."

"Mifupa hainenepi," alisema fundi.

Mwezi wa Februari uliishia kwenye magurudumu. Aliyafunga mwenyewe, spoki moja moja, akizikaza na kuzigonga kwa ukucha na kuzisikiliza mpaka zote zikalia sauti moja. Alipomaliza aligundua zipo spoki nyembamba zaidi. Akaagiza, akasubiri wiki tano, akafungua magurudumu yote, akaanza upya. Gramu arobaini na mbili. Nguzo ya kiti ya kwanza aliirudisha, ya pili akaikata. Kiti alikivua kitambaa. Kila kitu kilichoingia karakana kilipita kwenye mizani kwanza, kikaandikwa, na kikiwa kizito kilirudi kilikotoka.

Mwezi wa Machi ndipo alipokata bomba la uma.

Uma wa baiskeli una bomba linalopanda ndani ya fremu na kutokeza juu, na hapo juu ndipo usukani unaposhikwa. Uma mpya huja na bomba refu, makusudi, ili fundi akate kulingana na mpandaji. Anayependa kukaa wima huachiwa refu, usukani ukapanda. Anayeinama hukatiwa. Mafundi wengi huacha ziada ya sentimita tatu nne hata hivyo, wakaijaza kwa pete, mpaka mwenyewe apande mwezi mzima aseme panamfaa. Fundi alilijua hilo. Alikuwa amewafundisha wengine.

Lakini pete zina uzito, na bomba lina uzito, na ukurasa wa bluu ulikuwa wazi mezani. Sentimita tisa chini ya kiti. Alifunga kitambaa kinywani kwa ajili ya vumbi la kaboni, akaweka alama, akachukua msumeno wenye meno madogo, akakata taratibu huku akilowesha kwa maji, mpaka kipande kikaanguka kwenye kiganja chake. Urefu sentimita sita. Gramu ishirini na saba. Alikipiga msasa kingo zisikate mtu, akakiweka rafuni. Kwenye daftari aliandika: Ijumaa, jua kali. Bomba limekatwa. Hakuna pete.

Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa na furaha ya kimyakimya, na mkewe akaiona.

"Leo kuna nini?"

"Gramu ishirini na saba kwa mpigo mmoja."

Mkewe alikuwa muuguzi msaidizi, mwanamke wa maneno machache lakini yaliyonolewa. Kila Jumanne jioni alipita kwa wifi yake kumsaidia kazi za nyumba. "Unampimia dada yako spoki," alisema. "Umekwenda kwake lini?"

"Nikimaliza nitakwenda nayo."

"Hawezi tena kufunga kamba za viatu, baba watoto."

"Nitamwekea pedali za kubana. Viatu vyake ni vya kubandika, havina kamba."

Mkewe alimtazama, akaendelea kukunja nguo.

Ukisema fundi hakuona, utakuwa unamwonea, maana macho alikuwa nayo. Mwezi wa Mei dada alileta lile chuma la sokoni, breki ya nyuma imekatika waya. Fundi alipoipandisha kwenye stendi aliona usukani umevutwa juu mpaka alama ya mwisho, ile isemayo usizidishe, na nati imekazwa vibaya na mtu asiye fundi. Ni dada mwenyewe aliyeupandisha. Alitengeneza breki, akaikaza nati vizuri pale pale ilipo, akaandika daftarini: Waya mpya, breki ya nyuma. Hakuandika jambo la usukani. Juni dada aliacha kulipanda kabisa, akawa anatembea, na alipopita mbele ya karakana na kuitwa na mtu nyuma yake, aligeuka mwili mzima, miguu na yote, kama mlango.

"Inakwisha?" aliuliza kila alipopita.

"Bado breki tu."

"Inakwisha?"

"Bado mnyororo. Kuna wenye matundu, mwepesi zaidi. Uko njiani."

"Mdogo wangu, nipandishe hata na mnyororo wa mbwa."

Alicheka, naye dada akacheka, na mnyororo wenye matundu ukafika Agosti. Gramu ishirini na moja.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Septemba alikaa kwenye kigoda akiitazama baiskeli, na moyoni hakuwa na furaha aliyoitarajia. Aliishusha kwenye ndoano kwa vidole viwili. Akaifunga gurudumu la nyuma kwenye stendi ya kukalia, ile inayoishikilia baiskeli wima mtu akiwa juu yake, akapita na ile spana ya kipimo, inayolia tak nguvu ikitosha, maana kaboni ukiikaza kupita kiasi hupasuka bila kukuambia. Tak kwenye kiti. Tak kwenye usukani. Kila bolti ililia mahali pake.

Saa nne dada aliingia, ameshikwa mkono na mke wa fundi. Alikuwa amevaa suruali nyeusi ya mbio, ile ile ya zamani, imepwaya mapajani. Fundi cherehani alisimamisha cherehani yake akaja kusimama mlangoni.

Dada aliizunguka baiskeli mara moja. Aligusa kiti, akagusa usukani, akatia kidole chini ya fremu akainua sehemu ya mbele kidogo.

"Yesu na Maria," alisema kwa sauti ya chini. "Haina kitu ndani?"

"Haina."

"Ni nzuri, mdogo wangu. Ni nzuri mno."

Kuivuka ilikuwa kazi. Mguu haukupanda hata kufikia kiti, kwa hiyo fundi aliifungua, akailaza ubavu, dada akavuka kama anavuka mtaro, kisha wakaiinua pamoja naye na kuifunga tena. Mke wa fundi alimshikilia kiunoni. Dada akakaa. Akaweka mguu mmoja kwenye pedali, halafu wa pili. Kimo cha kiti kilikuwa sahihi kabisa. Kweli mifupa ya mguu hainenepi.

"Sasa shika usukani," alisema fundi.

Alinyoosha mikono. Haikufika. Akajisukuma mbele, mwili wote kwa pamoja, kama ubao unaoegemezwa, mpaka vidole vikafika kwenye breki. Uso uliingia jasho. Akakaa hivyo. Ule mgongo haukulala. Uliinuka kati kama kifuniko cha sanduku, umekaza, na shingo ikawa imenyooka mbele yake, haipandi.

"Tazama mbele, dada."

"Natazama."

"Tazama barabara. Inua kichwa."

Fundi aliona misuli ya nyuma ya shingo ikijaribu, ikitetemeka, kama mkono unaovuta dirisha lililoshikana kwa rangi.

"Naona tairi," alisema dada. "Ni tairi nzuri. Barabara siioni."

Fundi alimshika mabega, wakamrudisha wima, wakamshusha. Alikaa kwenye kiti cha wateja akipumua kwa mdomo. Mke wa fundi alimpa maji, akamshikia glasi, maana nayo ilibidi iinuliwe mpaka usawa wa midomo.

Fundi alikuwa ameshageukia rafu. Mikono yake ilikwenda haraka kuliko ilivyowahi kwenda miaka yote ile. Alitoa shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika juu ya bomba, ya chuma, nzito, yenye kupinda juu, akaifunga bila kuipima. Akachukua rula. Usukani ulipanda sentimita nne. Alimtazama dada alivyokaa, akapima kwa jicho tokea bega mpaka pale mikono inapoweza kufika bila kuinama. Zilihitajika kumi, labda kumi na moja. Aligeuza usukani wenyewe juu chini, akapata mbili. Akasimama.

Zilipungua nne, labda tano. Hakuhitaji kutazama rafuni kujua kile kipande kilipo.

"Naagiza uma mwingine," alisema. "Wenye bomba refu. Sitaukata. Tutaweka pete, usukani utapanda."

"Unachukua muda gani kufika?"

"Miezi mitatu. Wakiwahi."

Dada alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwezi wa Machi nilikuwa nagusa goti," alisema. "Nilisimama kwenye kioo nikajaribu kila asubuhi. Aprili nikagusa paja. Kila nilipopita hapa nilikuuliza inakwisha, ukaniambia habari za mnyororo."

"Nilitaka iwe nyepesi."

"Ni nyepesi. Umemjengea Kipanga, naye angeifurahia, namjua. Tulikuwa tunakaa pamoja." Alitaka kutabasamu, haikutoka vizuri. "Mimi nilikuwa nataka kupanda mlima tu, ndugu yangu. Ungeniwekea hata kilo nane, mwezi wa tatu, ningepanda."

Fundi cherehani alikuwa bado mlangoni, tepu shingoni. Fundi alimsubiri aseme. Miaka yote mtu yule hakuwahi kuacha neno lake lipotee bure, na safari hii alikuwa nalo, limeiva, la tangu Januari. Lakini fundi cherehani aliivua tepu shingoni, akaiviringisha kidoleni polepole, akaitia mfukoni.

"Ngoja nikaite gari, dada asitembee," alisema, akaondoka.

Fundi alikwenda nao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba ile tangu mwaka uanze, ingawa ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka karakana. Chumba kilikuwa kilekile: kabati la vyombo, dirisha lenye pazia la kijani, medali mbili kwenye msumari. Lakini vitu vilikuwa vimehama. Ufagio ulikuwa umeungwa mpini na kijiti kingine kwa utepe. Viatu vya mlangoni vilikuwa vimekanyagwa visigino, vimekuwa kandambili. Vyombo vyote vya rafu ya chini vilikuwa juu ya kabati, vimepangana usawa wa kifua. Na juu ya meza ya chakula kulikuwa na sufuria iliyopinduliwa, na juu ya sufuria kitabu kinene cha simu cha miaka ya nyuma, na juu ya kitabu sahani.

"Hiyo ni ya nini?" aliuliza.

"Ninapokulia," alisema dada. "Meza iko chini. Nisipoiinua sahani sioni ninachokula, natia kijiko kama kipofu. Wifi ndiye aliyebuni."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe aliinama kuokota kitambaa kilichoanguka, hakusema neno. Alikwisha kusema, Jumanne nyingi.

Dada alilala chali, bila mto, kama alivyoagizwa na daktari. Alipofumba macho alisema, "Iuze, ile. Au itundike. Usiifungue tu. Usianze kuifungua." Fundi akasema sawa. Akakaa pembeni mpaka pumzi yake ikatulia, halafu akarudi karakana kufunga dirisha.

Hakuifungua. Aliondoa ile shingo nzito ya chuma, akarudisha ile nyepesi, akakaza, tak. Akaitundika kwenye ndoano ya juu kabisa ukutani, mahali ambapo hata yeye angehitaji ngazi. Alichukua kile kipande cha sentimita sita. Alikigonga kwa sarafu bila sababu, kikalia kavu. Kizima kabisa. Akakiweka mfukoni, akakaa na daftari wazi mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakujua jambo la siku ile liandikwe kwa kipimo gani. Chini ya mstari wa asubuhi aliandika: Haimfai. Kosa langu. Akafikiri aongeze maelezo, akaona yote ya kuongeza yamo tayari kwenye kurasa za nyuma, siku kwa siku, gramu kwa gramu, ila katika kurasa zote hizo hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema dada leo amesimama vipi.

Jumapili, tarehe kumi na tano. Manyunyu tangu saa kumi na moja, baridi kidogo.

Asubuhi hiyo fundi hakufungua karakana. Alipita kwa nyuma, akachukua msumeno wa mbao, kipande cha boriti, patasi, gundi na daftari, akavifunga kwenye kiroba. Mlango wa fundi cherehani ulikuwa nusu wazi. Aligonga, akaomba kuazima tepu, akapewa bila swali.

Dada alikuwa ameamka, amesimama dirishani akitazama mvua.

"Umekuja na mvua yote hii?"

"Nimekuja kuinua meza."

Dada aligeuka, mwili mzima, akamtazama yeye na kiroba chake na maji yanayomtiririka sikioni. "Itachukua miezi mingapi?" aliuliza.

"Saa moja."

"Haya basi."

Alivuta kiti karibu na meza. "Kaa hapa, dada, nikupime."

Dada alikaa. Fundi alipiga magoti sakafuni, jambo ambalo kwake lilikuwa rahisi, akaliona kuwa ni rahisi. Alipima kutoka sakafuni mpaka kiwiko, kutoka kiwiko mpaka mdomo, kutoka jicho mpaka mahali ambapo sahani ingeonekana bila shingo kuombwa kitu. Alipima mara ya pili kwa sababu dada alikuwa amevuta pumzi. Kila namba aliisema kwa sauti, na mara moja dada akamkatiza: "Hapo nilikuwa nimejikaza. Pima tena, sasa nimekaa kama ninavyokaa." Akapima tena. Ikashuka sentimita moja na nusu.

Akafungua ukurasa mpya. Akaandika tarehe, mvua, halafu namba zile, moja chini ya nyingine. Akaitoa boriti kwenye kiroba, akaenda nayo barazani, akaweka alama za vipande vinne vya kuongezea miguu ya meza, akasogeza kila alama mbele kidogo, akaacha kidole kizima cha ziada, ndipo akaanza kukata.